Kijana Mwembamba Ale Nini Apate Misuli?

Wewe kijana wa Madungu, Chake Chake, uliyeanza kunyanyua vyuma na bado shati lakupwaya, usikate tamaa. Wembamba wa kuzaliwa si ugonjwa. Lakini ukikonda ghafula, au ukikohoa majuma mawili, nenda hospitali kwanza.

Jambo la kwanza, kula kuliko mwili unavyotumia. Fundi hajengi ukuta bila mawe. Ongeza mlo mmoja kila siku: muhogo wa nazi, ndizi, au uji wa maziwa na karanga. Ikiwa sahani kubwa yakushinda, kunywa uji, hushuka upesi.

La pili ni protini, ndiyo ijengayo mwili. Yatosha gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako. Mwenye kilo 55 atahitaji gramu 88 hivi. Yai moja lina gramu 6; mnofu wa samaki wa gramu 100 una gramu 20 hivi. Dagaa, kunde na choroko si ghali, nazo zafaa sana. Zigawe katika milo yote.

La tatu, fanya mazoezi siku tatu kwa juma, ongeza uzito kidogo kidogo, ukapate usingizi wa kutosha.

Jihadhari na vidonge vya kunenepesha. Vingine vina steroidi, ambazo huvimbisha uso huku zikidhoofisha misuli na mifupa. Usimeze pasipo amri ya daktari.

Jipime kila juma. Ukiongeza robo kilo hadi nusu, u katika njia njema. Haba na haba hujaza kibaba.