Redio ya Sufuria, na Hesabu ya Mwenye Kuunda Redio

Wahenga walisema, "Rahisi huvunja upishi." Methali hii yamfaa sana mtu atakaye kuunda redio kwa mikono yake. Kabla hajakata waya wala kuyeyusha lehemu, hana budi kujiuliza: ni kipi katika vyombo hivi niwezacho kukipunguza, na ni kipi ambacho nikikipunguza kazi yote imeharibika?

Mfano mwema watoka kwa jirani zetu wa Northern Rhodesia, nchi ambayo tangu 1964 huitwa Zambia. Bwana Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari huko, alitafuta redio ambayo mtu wa kijijini ataweza kuinunua. Katika mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza iliitengeneza. Bei yake ilikuwa pauni 5, yaani shilingi 100, na betri yake shilingi 25. Ilijulikana kwa jina la Saucepan Special, maana yake redio ya sufuria.

Bei hiyo ilipatikanaje? Kwanza, tutazame sanduku. Sanduku la mbao nzuri lataka fundi na vanishi, na sanduku la umbo jipya lataka kalibu mpya, ambayo gharama yake hulipwa kabla redio ya kwanza haijauzwa. Basi wakatwaa chombo cha madini cha mviringo, upana wake inchi 9, kilichokusudiwa kuwa sufuria, wakakipaka rangi ya buluu. Uzuri wa sanduku hauongezi sauti, na mchwa hali madini.

Pili, mawimbi. Redio hii ilipokea mawimbi mafupi, ambayo hurudishwa chini na tabaka za juu za anga, na kwa hiyo hufika mbali sana. Kila namna nyingine ya mawimbi ingetaka koili zake na swichi yake, na kila kimoja kina bei.

Tatu, valvu. Hapa hawakupunguza kupita kiasi, bali waliweka 4. Sauti itokayo mbali hufika dhaifu, na valvu ndizo ziikuzazo. Tena vyombo vya ndani vilikingwa na joto na unyevu wa nchi zetu.

Lakini sasa tufanye hesabu ya betri, maana ndiyo iliyomwelemea mnunuzi. Betri moja ilidumu saa 300 hivi. Mtu asikilizaye saa 2 kila siku huimaliza kwa siku 150. Betri 4 ni siku 600, na bei yake ni shilingi 100. Yaani kabla ya miaka miwili kutimia, mnunuzi amekwisha kulipa bei ya redio nyingine, na akikosa fedha ya betri, redio yake yakaa kimya, ni sufuria tu isiyopikiwa.

Kwa nini valvu zilikula umeme mwingi hivyo? Kwa sababu ndani ya kila valvu mna uzi wa kupashwa moto muda wote wa kusikiliza. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, haina uzi huo, na kwa ajili hiyo hutosheka na betri ndogo.

Basi, tuseme mwalimu wa Runazi, katika nchi ya Biharamulo, ataka kuunda redio pamoja na wanafunzi wake. Abane matumizi katika sanduku: kibuyu au debe la bati latosha. Asibane katika kapasita ya kutafutia stesheni, kwa kuwa ikilegea, stesheni hupotea kila mara. Asibane katika lehemu, kwa kuwa kiungo kibovu huua redio nzima. Na kabla ya kununua transista hata moja, aandike ubaoni swali hili, wanafunzi walijibu: redio yetu itakula betri ngapi kwa mwaka, na ni nani atakayezinunua?