Ankara ya intaneti iliyokwishakatwa: Mfanyabiashara asikimbilie kulipa

Mwenye duka la vipuri Kariakoo anapopokea ankara ya shilingi 1,911,600 kwa huduma ya intaneti aliyoikata mwaka mmoja na nusu uliopita, kwanza hushangaa. Kisha hutafuta namna ya kulipa kidogo ili usumbufu uishe. Mshangao haumgharimu kitu. Malipo hayo madogo ndiyo yanayoweza kumgharimu.

Tarakimu hizo ni za mfano, lakini ankara za namna hii hujengwa hivyo hivyo. Ada ya shilingi 90,000 kwa mwezi kwa miezi 18 ni shilingi 1,620,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ni shilingi 291,600. Mara nyingine huongezwa bei ya kifaa ambacho kampuni inadai hakikurudishwa, pamoja na gharama za wakala wa kukusanya madeni. Barua ya wakala huyo hutoa siku chache tu na kutaja mahakama kwa herufi kubwa.

Deni la aina hii mara nyingi halitokani na wizi wa makusudi. Huanzia kwenye mtambo wa ankara, ambao hutoza kila mwezi mpaka mtu aingie na kuuamuru usitoze. Mteja huwa amempigia simu wakala wa mauzo aliyemuunganisha, naye akajibu kwamba jambo limeisha. Wakala huyo baadaye huhamia kampuni nyingine, na agizo la kufunga akaunti halifiki idara ya fedha. Huduma yenyewe hukatika kwa sababu haijalipiwa, na mteja huona intaneti imezimwa, akaamini kwamba amesikilizwa. Kumbe kwenye vitabu vya kampuni yeye bado ni mteja, tena mteja mdaiwa.

Kuna sababu nyingine ambayo mfanyabiashara ataielewa upesi, kwa kuwa ni ya kibiashara. Kampuni hutumia fedha nyingi kumpata mteja mmoja, na kumwachia aondoke ni hasara inayoonekana katika taarifa ya mwezi huo huo. Ndiyo maana mlango wa kuingilia huwa mpana na wa kutokea mwembamba.

Mfano uliochunguzwa na vyombo vya dola ukaandikwa hadharani ni wa kampuni ya AOL ya Marekani, iliyokuwa ikiuza intaneti ya kupiga kwa laini ya simu. Mwaka 2002 ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 26 nchini humo. Malalamiko yalizidi kwamba mtu akipiga simu kutaka kuacha huduma, anazungushwa, na wengine waliendelea kukatwa fedha baada ya kuaga. Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York wakati huo, Eliot Spitzer, aliyachunguza malalamiko yapatayo 300. Ilibainika kwamba wapokea simu wa kampuni walikuwa wakilipwa bonasi kwa kuwabakiza wateja waliotaka kuondoka, na walikuwa wamewekewa kiwango cha chini cha asilimia ya wateja wa kubakizwa. Karani mwenye lengo la namna hiyo hawezi kuwa mwepesi wa kuandika neno "funga".

Agosti 2005 AOL ilikubali kulipa dola milioni 1.25 kumaliza shauri hilo na kubadili utaratibu wake. Hata hivyo malalamiko hayakwisha. Julai 2007 ililipa dola milioni 3 nyingine katika makubaliano na majimbo 48 pamoja na Wilaya ya Columbia, na ikabidi iwape wateja njia ya kujiondoa kwa mtandao bila kuzungumza na mtu. Huduma yenyewe ya kupiga kwa simu ilifungwa rasmi tarehe 30 Septemba 2025.

Mwekezaji mdogo asidhani kwamba haya ni ya watu wa malalamiko peke yao. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na tatizo jingine lililotokana na mzizi huo huo, yaani gharama ya kumpata mteja. Katikati ya miaka ya 1990 AOL ilikuwa ikimwaga diski za bure kila mahali, lakini gharama za diski hizo na matangazo hazikuandikwa kama matumizi ya mwaka. Ziliwekwa kwenye mizania kama mali, kwa hoja kwamba wateja waliopatikana wangezirudisha pole pole kwa ada zao za kila mwezi. Hoja hiyo hudumu ikiwa wateja watakaa. Oktoba 1996 kampuni ilitangaza kufuta dola milioni 385 za "mali" hiyo kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2000 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliitoza faini ya dola milioni 3.5, ikieleza kwamba katika robo sita kati ya nane za miaka ya fedha 1995 na 1996 kampuni ilionyesha faida mahali ambapo pangeonekana hasara. AOL ililipa bila kukiri wala kukana.

Ankara ya mteja aliyeondoka inaweza kufanya kazi kama ile ya diski, ingawa kwa kiasi kidogo. Ikiandikwa, huhesabiwa kama mauzo, na isipolipwa huingia kwenye wadaiwa, upande wa mali. Kanuni za kimataifa za hesabu zinazotumika tangu mwaka 2018 zinaitaka kampuni itenge mapema fedha za madeni yasiyotarajiwa kulipwa, na wakaguzi huuliza. Lakini anayemiliki hisa za kampuni ya simu katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hana haja ya kungoja mkaguzi. Afungue taarifa ya mwaka alinganishe mistari miwili, mauzo na wadaiwa. Mauzo yakipanda kwa asilimia 5 na wadaiwa kwa asilimia 30, kuna swali la kuulizwa kwenye mkutano mkuu kabla ya kushangilia gawio.

Tukirudi kwa mwenye duka la vipuri, jambo la kwanza ni la kutokufanya. Asilipe sehemu ya deni "kuonyesha nia njema", wala asiandike barua ya kuomba apunguziwe au apewe muda. Sheria ya Ukomo wa Muda ya Tanzania inatoa miaka sita kwa madai yanayotokana na mkataba. Lakini mdaiwa akilipa sehemu, au akiandika na kutia saini kwamba anadaiwa, saa hiyo huanza kuhesabiwa upya. Deni lililokuwa limebakiza miezi michache kufa linafufuka kwa shilingi 50,000 zilizotumwa kwa simu siku ya Ijumaa jioni. Kwa ankara ya miezi 18 hilo si tishio la leo, lakini yapo madai ya miaka mitano na sita yanayouzwa kwa mawakala wa madeni, na huko ndiko mtego ulipo. Aidha, malipo ya sehemu ni vigumu kuyaeleza baadaye mbele ya hakimu. Atauliza kwa nini mtu alipe asichodaiwa.

Jambo la pili ni barua. Simu ni nzuri kwa kupata jina la mhusika, basi. Barua iseme wazi kwamba deni linapingwa lote, itaje tarehe ambayo huduma ilisitishwa na namna taarifa ilivyotolewa, kisha idai kampuni itoe nakala ya mkataba uliotiwa saini, mchanganuo wa kila mwezi na kumbukumbu za matumizi. Hizo za matumizi ndizo zenye nguvu kubwa. Ikiwa kwa miezi 18 hakuna hata chembe ya data iliyopita kwenye laini hiyo, mtambo wa kampuni yenyewe unakuwa shahidi wa mteja. Nakala moja ya barua igongwe mhuri wa mapokezi na kubaki dukani. Anayemtuma kijana kupeleka ampe daftari la dispachi lisainiwe. Ikiwa dai limeletwa na wakala wa madeni, naye apelekewe nakala na aulizwe hati inayompa mamlaka ya kudai.

Wengi hunyong'onyea hapa kwa kuwa walisitisha huduma kwa ujumbe wa simu tu na hawana karatasi. Hawana sababu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo barua pepe na ujumbe aliotumiwa wakala wa mauzo vina uzito wake. Visifutwe, na simu ya zamani isiuzwe kabla havijahamishwa. Hata asiyekuwa na chochote anaweza kuonyesha kwamba mwezi ule ule alianza kulipia kampuni nyingine, jambo ambalo taarifa ya benki au ya malipo ya simu italithibitisha. Tena ni kanuni ya Sheria ya Ushahidi kwamba anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kampuni inayosema huduma ilitolewa haina budi kuonyesha kwamba ilitolewa.

Haki haiko upande wa mteja kila mara, na ni vema mfanyabiashara ajikague kabla ya kupandisha sauti. Mikataba mingi ya intaneti ya ofisi hutaka notisi ya maandishi ya mwezi mmoja au zaidi, na mingine ina muda wa chini, tuseme miezi 24, ambao anayeuvunja hulipa fidia. Ruta na antena mara nyingi ni mali ya kampuni. Kama kifaa kiko stoo kimefunikwa na magunia, kirudishwe leo na risiti ichukuliwe. Ikiwa ada ya mwezi wa notisi inadaiwa kihalali, mteja anaweza kuilipa, lakini barua inayoambatana na malipo itaje mwezi huo kwa jina na kusema kwamba mengine yote yanapingwa. Bila maneno hayo fedha hiyo itahesabiwa kuwa ni malipo ya sehemu ya deni zima.

Kampuni isipojibu, au ikijibu kwa kurudia ankara ile ile, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mamlaka itauliza kwanza kama mtoa huduma alilalamikiwa, na hapo barua yenye mhuri ndipo inapolipa gharama yake. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kwenda Baraza la Ushindani. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo husaidia mlalamikaji asiyejua aanzie wapi. Njia hii ni ya polepole, lakini haimlazimu mlalamikaji kuweka wakili.

Wanaopuuza barua kwa kusema "wanishitaki" wanasahau benki. Tangu kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012, zipo taasisi za taarifa za mikopo ambazo benki huzitazama kabla ya kumpa mtu fedha. Mabenki ndiyo wachangiaji wakuu wa taarifa hizo, na deni la intaneti si lazima lifike huko. Lakini mwenye duka anayetarajia kuomba mkopo wa kuagiza mzigo Guangzhou afadhali aombe taarifa yake mapema kuliko kuikuta mezani kwa ofisa mikopo. Ana haki ya kuipata na ya kupinga kilichoandikwa kimakosa.

Mhasibu wa duka naye asiiingize ankara hiyo kwenye matumizi wala kudai marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani kwa huduma ambayo haikupokelewa. Kuiandika vitabuni ni kuikubali kwa mlango wa nyuma, na mkaguzi wa TRA hatajali kwamba mwenye duka alikuwa akibishana nayo.

Shauri likiisha kwa kampuni kusema kwa simu kwamba "tumeshaifuta", halijaisha. Kinachotakiwa ni krediti noti ya kiasi chote pamoja na kodi yake, na barua inayosema akaunti imefungwa, tarehe gani, na kwamba salio ni sifuri. Bila karatasi hizo mbili mtambo wa ankara utaamka tena mwezi ujao.