Mkono na Mashine: Vishikio vya Michezo ya Televisheni, 1972 hadi 1983

Mtu azungushapo kifundo cha redio ili kuongeza sauti, ndani yake kidole cha chuma huteleza juu ya utepe wa kaboni, na kadiri kinavyosogea ndivyo ukinzani wa umeme unavyobadilika. Kifaa hicho, kiitwacho potenshomita, ndicho kilichotumiwa pia katika Magnavox Odyssey, mtambo wa kwanza wa michezo ya televisheni kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani, uliotoka Marekani mwaka 1972.

Odyssey ilitokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer wa kampuni ya Sanders Associates. Haikuwa na kompyuta ndani yake. Ilitegemea transista na diodi tu. Volteji iliyotoka katika potenshomita ndiyo iliyoamua doa la mwanga likae wapi juu ya kioo. Kila mchezaji alipewa kisanduku chenye vifundo vitatu: cha kwanza kilipandisha na kushusha doa, cha pili kililipeleka kushoto na kulia, na cha tatu kilipinda njia ya mpira. Vifundo vilikuwa ubavuni, pande zote mbili, hivyo mikono yote miwili ilikuwa na kazi na kisanduku hakikuweza kushikwa vizuri, kiliwekwa mezani.

Mambo yalibadilika mikroprosesa ilipoingia katika mitambo hii. Mashine ya tarakimu haielewi "zaidi kidogo" au "pungufu kidogo". Huelewa hesabu tu. Je, itapimaje ukinzani wa kifundo? Wahandisi wa Atari, katika mtambo wao wa mwaka 1977, walitumia njia ambayo kila mwanafunzi wa fizikia anaweza kuifuata. Potenshomita yenye ukinzani wa juu wa megaohm 1 iliunganishwa na kapasita. Kwanza kapasita huondolewa chaji yote, kisha huachwa ijae kupitia potenshomita. Ukinzani ukiwa mkubwa, hujaa polepole. Ukiwa mdogo, hujaa upesi. Kazi ya programu ni kuhesabu mistari ya picha inayochorwa juu ya kioo mpaka volteji ifike kiwango fulani. Hivyo televisheni yenyewe ikawa saa.

Ichukuliwe, kwa mfano, kapasita ya maikrofaradi 0.01. Zao la ukinzani na kapasitansi ni sekunde 0.01, na huo ndio muda wa kapasita kufikia kiasi cha asilimia 63 ya volteji ya chanzo. Katika televisheni za Marekani za wakati ule mstari mmoja ulichorwa kwa takriban maikrosekunde 63.5, kwa hiyo hesabu itafika mistari 157. Kifundo kikizungushwa hadi nusu ya ukinzani, hesabu itakuwa karibu 79. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani bila televisheni: kapasita ya maikrofaradi 1000 na kikinza cha kilo-ohm 10, vikiunganishwa na betri ya volti 6, vitahitaji sekunde 10 hivi kufikia volti 3.8. Kikinza cha kilo-ohm 5 kitapunguza muda huo kwa nusu.

Kasoro ya potenshomita inajulikana kwa kila mwenye redio kuukuu. Utepe wa kaboni huchakaa na kuingia vumbi, na pale sauti ya redio inapokwaruza, picha ya mchezo nayo hutetemeka.

Kishikio cha pili cha Atari, yaani kifimbo kilichosimama juu ya kisanduku cha mraba, hakikupima chochote. Chini ya kifimbo palikuwa na swichi nne, na ya tano ilikuwa chini ya kitufe chekundu cha kufyatulia. Kifimbo kikisukumwa, swichi hufungika na waya wake huungana na ardhi ya saketi. Mashine husoma ndiyo au hapana. Kikisukumwa kimshazari hufunga swichi mbili kwa pamoja, na kwa njia hiyo swichi nne hutoa pande nane. Plagi ilikuwa na pini tisa, na hakuna iliyokaa bure: nne za pande, moja ya kufyatulia, mbili za umeme, na mbili za potenshomita, maana vishikio viwili vya kifundo viliweza kutumia plagi moja.

Ingedhaniwa kwamba kifimbo kipimacho kwa usahihi zaidi kingekuwa bora. Atari 5200 ya mwaka 1982 ilionyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Kifimbo chake kilitumia potenshomita, lakini hakikuwa na springi imara ya kukirudisha katikati. Mchezaji aliyetaka kusimama alilazimika kukirudisha mwenyewe, hali macho yake yako kwenye kioo. Usahihi wa kipimo haukumfaa kitu, kwa kuwa mkono haukujua katikati ni wapi.

Jibu lililodumu lilitoka Japani. Mwaka 1982 Gunpei Yokoi wa Nintendo aliweka katika mchezo mdogo wa mkononi kitufe chenye umbo la msalaba, kinachobembea juu ya egemeo la katikati. Upande mmoja ukibonyezwa, ule wa pili huinuka, hivyo kushoto na kulia haviwezi kubonyezwa pamoja. Na dole gumba huhisi msalaba bila jicho kuutazama. Mwaka 1983 msalaba huo uliwekwa katika vishikio vya mtambo wa nyumbani wa kampuni hiyo, Famicom.

Kishikio hicho kilikuwa na swichi nane iwapo pande nne zitahesabiwa. Kwa mtindo wa Atari zingehitajika nyaya nane, na ya tisa ya ardhi. Nintendo ilitia ndani yake saketi ndogo iitwayo rejista sogezi. Mashine hupeleka ishara moja, na hali ya swichi zote nane hunaswa papo hapo. Kisha kwa kila pigo la saa tarakimu moja hutolewa, moja baada ya nyingine, katika waya mmoja. Nyaya tano zikatosha: mbili za umeme, moja ya kunasa, moja ya saa, na moja ya habari. Kwa kawaida kazi hiyo yote hurudiwa mara 60 kila sekunde, sambamba na picha zinazochorwa juu ya kioo.