Injini ikimisi njia ya Nakivale: jua silinda kwanza, spea baadaye

Gari lililokwisha kupita kilomita 300,000 huchagua pa kukuaibisha. Kwenye barabara ya vumbi kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kwenda Mbarara, hupenda mlimani: umepakia mahindi, au samaki wa Ziwa Nakivale wasiongoja, unakanyaga mafuta na injini inatetemeka, inakohoa, nguvu zinaisha. Hapo ndipo dereva husema inamisi.

Wengi wetu tukifika Mbarara hukimbilia duka la spea. Nilifanya hivyo na Corona Premio yangu. Nilinunua plagi nne, waya za plagi na kifuniko cha distribyuta. Faida ya safari mbili ikaishia kaunta, na gari likaendelea kutetemeka. Kumbe gasketi ya kifuniko cha vali ilikuwa imekauka, oili inashuka kwenye shimo la plagi ya tatu na umeme unapotelea humo. Gasketi yenyewe ilikuwa bei ndogo kuliko waya.

Silinda huhitaji cheche, petroli na kompresheni. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi si kifaa gani kimekufa, ni silinda ipi haifanyi kazi. Acha injini iungurume kwenye sailensa, kisha achomoe soketi ya nozeli moja moja na kuirudisha. Silinda nzima ikizimwa, mtetemo unaongezeka. Ile ambayo ukiizima hakuna kinachobadilika, ndiyo mgonjwa. Asichomoe waya wa plagi kwa mkono injini ikiwaka. Umeme wake hupiga vibaya.

Sasa fungua plagi ya silinda hiyo. Iliyolowa petroli inaonyesha kwamba mafuta yanafika ila hayawaki. Iliyozama kwenye oili kwa nje ni kisa changu. Iliyo safi kupita wenzake, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja, inakuelekeza kwenye gasketi ya silindahedi, na hapo usiendelee na safari.

Kwa magari yenye koili juu ya kila plagi, hamisha koili ya silinda mbovu iende silinda jirani. Kumisi kukihama nayo, nunua koili moja tu, si nne. Yenye waya za plagi yana kipimo cha bure: fungua boneti usiku, mahali penye giza, na Nakivale giza halihitaji kutafutwa. Waya uliopasuka utauona ukirusha cheche za buluu pembeni.

Injini ikimisi silinda zote kwa zamu, au mara tu baada ya kujaza tangi, shuku petroli, hasa ya kwenye madumu. Mimina kidogo kwenye chupa nyeupe uiache itulie. Maji hukaa chini. Angalia pia filta ya hewa, vumbi la njia hii halina huruma.

Kinachoogopesha ni kompresheni. Fundi akikuta silinda imeshuka, atie kijiko cha oili kwenye shimo la plagi na kupima tena. Ikipanda, ringi zimechakaa. Isipopanda, fikiria vali.

Tangu 2018 Uganda imezuia kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa hiyo kumpata mrithi wa mzee huyu kunahitaji mtaji. Kuendesha na silinda iliyokufa kunammaliza upesi: petroli isiyowaka huosha oili kwenye kuta za silinda na kwenda kuungulia ndani ya ekzosi. Taa ya cheki injini ikianza kupepesa, punguza mwendo na utafute pa kusimama.

Kama unaelekea mpakani Mirama Hills au Murongo, pimisha hapo hapo Mbarara kabla ya kupakia. Silinda ikionekana haina kompresheni, lipia nafasi ya mzigo kwenye gari la mwenzako, lako libaki gereji.