Shule ya Udongo Katika Kijiji cha Gando

Udongo ni kitu tukikanyagacho kila siku, na kwa hiyo watu wengi huudharau. Mtu akijenga nyumba ya udongo, jirani zake husema ni maskini. Akijenga ya mawe au ya saruji, humsifu. Lakini je, kosa ni la udongo, au ni letu sisi tusiojua kuutumia? Sikilizeni habari za kijiji kimoja, mpate kujibu wenyewe.

Katika Afrika ya Magharibi iko nchi iitwayo Burkina Faso, na katika nchi hiyo mna kijiji kidogo, jina lake Gando. Mwaka 1965 alizaliwa humo Diébédo Francis Kéré, mwana wa mkuu wa kijiji. Siku zile Gando haikuwa na shule. Basi alipotimia umri wa miaka saba alipelekwa mji wa Tenkodogo, mbali na mama yake, ili asome. Darasani watoto walibanana sana, na joto lilikuwa kali mno. Alipokua alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha akasomea elimu ya kujenga majumba katika mji wa Berlin. Lakini hakuwasahau watoto wa kwao. Mwaka 1998, angali mwanafunzi, yeye na rafiki zake walianzisha chama cha kuchanga fedha, ili Gando ipate shule yake.

Alipowaeleza watu wa kijiji kwamba shule itajengwa kwa udongo, walitia shaka. Mara nyingi walikuwa wameona kuta za udongo zikilainika na kuanguka wakati wa mvua. Hofu yao ilikuwa ya haki, maana shule ikianguka, matumaini ya watoto yangeanguka pamoja nayo.

Basi na tutazame sababu ya kuanguka huko. Ndani ya udongo mna mchanga na mfinyanzi. Mchanga ni mgumu lakini haushikamani. Mfinyanzi hushikamana, lakini hunywa maji ukavimba, na ukikauka hunywea na kupasuka. Tofali jema lataka vyote viwili kwa kipimo. Ukitaka kuujua udongo wa kwenu, tia kiasi katika chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa sana, kisha iache itulie. Mchanga utatangulia kuzama, na mfinyanzi utatua juu yake mwisho. Hivyo utaona kwa macho yako kila kimoja ni kiasi gani.

Huko Gando udongo ulichanganywa na saruji kidogo, ambayo huzishika chembe zisiachane zinapolowa. Kisha ulishindiliwa kwa nguvu katika kalibu, hata nafasi za hewa zikapungua na tofali likawa gumu. Matofali ya namna hii hayachomwi katika tanuu, kwa hiyo miti haikatwi kwa ajili ya kuni. Huwekwa mahali pasipo jua kali, yakae na unyevu siku nyingi, mpaka saruji ishike.

Hata hivyo, tofali jema nalo halina budi kulindwa. Paa la mabati lilifanywa pana, likatokeza nje ya kuta, ili mvua isizipige. Tena liliinuliwa juu ya dari kwa vyuma vyembamba, upepo upite katikati na kuliondoa joto la mabati. Mashine kubwa za kuinulia mizigo hazikuweza kufika. Basi watu walifundishwa kukata vyuma kwa msumeno wa mkono na kuviunga kwa mashine ndogo ya kuchomelea.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Watoto walileta mawe ya msingi, wanawake walileta maji ya kufyatulia matofali, na vijana walijifunza kufyatua na kujenga. Mwaka 2001 shule ilikwisha, yenye madarasa matatu. Mwaka 2004 ilipewa tuzo ya Aga Khan ya majengo, na mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Lakini faida iliyo kubwa kuliko tuzo ilibaki mikononi mwa watu. Vijana waliojifunza pale walitakiwa kwa kazi za ujenzi mahali pengine, na vijiji vya jirani vikajenga shule zao kwa kushirikiana vivyo hivyo. Shule ile ilikuwa imeanza kufundisha kabla mwalimu hajaingia darasani. Na udongo wake ulikuwa ni ule ule uliodharauliwa. Kilichoongezeka ni saruji kidogo na maarifa mengi.