Je, Wajua? Mzee Ojwang' Hakuwa Mjaluo

Mwigizaji wa Kenya Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Hata hivyo, kwa miaka mingi watazamaji wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kwenye runinga ya KBC walimjua kama Mzee Ojwang', Mjaluo mwenye miwani mikubwa na lafudhi nzito. Wapo wanaosema kuiga lafudhi ya kabila jingine ni kulidhihaki. Hoja hiyo ina uzito pale lafudhi inapokuwa ndiyo kichekesho chote. Kwa Wanjau haikuwa hivyo: kilichochekesha hasa ni majivuno ya mwenye nyumba yakivunjwa na mkewe, Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, na majivuno hayo hayana kabila. Tena wengi waliamini kabisa kwamba ni Mjaluo. Mwenye kudhihaki haaminiki hivyo. Uigizaji wake unastahili kufundishwa vyuoni.