Asiyeweza Kutembea Naye Akaione Milima



Katika nyumba nyingi yumo mtu ambaye miguu yake haina nguvu. Huenda amepooza. Huenda ni mzee. Huenda aliumia kazini. Siku ya safari tunamwambia, "Wewe pumzika nyumbani." Tunadhani tunamwonea huruma, kumbe tunamfungia ndani. Macho yake ni mazima. Anaweza kwenda, kama safari imepangwa vizuri.

Tuchukue mfano wa barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, katika Milima ya Usambara, Mkoa wa Tanga. Ni kilomita zipatazo 33, na kona ni nyingi. Mombo iko chini, nako kuna joto. Lushoto iko juu, mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari, nako kuna baridi. Njiani, karibu na Soni, kuna maporomoko ya maji. Ukitoka Lushoto ukaenda Irente, unaiona nyika yote chini yako.

Mimi nilimpeleka bibi yangu huko. Mguu wake mmoja umepooza. Nilimkalisha mbele ili aone vizuri. Lilikuwa basi dogo, na injini yake iko chini ya viti vya mbele. Mguu uliopooza uligusa mfuniko wa injini, nao ulikuwa wa moto. Bibi hakusikia maumivu, kwa hiyo hakusema neno. Tulipofika Soni niliona lengelenge kubwa. Niliumwagia mguu maji safi ya baridi kwa muda mrefu. Hata hivyo, kidonda kilichukua miezi mitatu kupona. Bibi hakukosea. Mimi niliyesomea kazi hii ndiye sikutazama. Ninyi msirudie kosa langu.

Fanyeni hivi:

Kwanza, mwulizeni mwenyewe anataka kuona nini, na anaweza kukaa kwa muda gani. Safari ipangwe kwa kufuata mwili wake.

Pili, ulizeni habari za njia mapema. Je, mvua imeharibu barabara? Mtasimama wapi? Choo kina ngazi? Ondokeni asubuhi, ili mteremke kabla ya giza na ukungu.

Tatu, gari lisimame mahali tambarare. Mgonjwa akae kwanza kwenye kiti, kisha miguu iingizwe. Msimvute mkono uliopooza, maana bega huweza kuteguka. Mfungeni mkanda. Magongo au kiti chake cha magurudumu kifungwe kisiteleze kwenye kona.

Nne, mguu usiosikia maumivu uwe mbali na injini. Utazameni kila mnaposimama.

Tano, mkalisheni juu ya mto laini. Kila nusu saa mwinueni kidogo, au aegemee upande mwingine. Kukaa bila kujigeuza huleta vidonda vya matakoni. Kila baada ya saa moja simameni, akunje na kunyoosha miguu.

Sita, anywe maji. Wengi hukataa maji kwa kuogopa kusumbua watu kwa ajili ya choo. Chukueni chombo cha kukojolea na shuka ya kumsitiri. Dawa zake akae nazo karibu. Msisahau sweta na blanketi.

Saba, mkifika Irente msimsogeze ukingoni, maana kuna jabali refu. Akae mbali kidogo, na mtu awe karibu naye.

Baada ya safari, mguu mmoja ukivimba na kuuma, msiukande. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akishindwa kupumua vizuri au kifua kikimwuma, msingoje hata kidogo.

Kidonda kilipopona, bibi aliniuliza, "Mjukuu wangu, tutakwenda tena lini?" Tulikwenda. Safari hiyo alikaa kiti cha nyuma, dirishani, na mguu wake ulikuwa juu ya blanketi. Tulifika Irente. Aliitazama nyika kwa muda mrefu, akacheka.

Nawe, ndugu msomaji, mwulize wa nyumbani kwako angependa kuona nini.